Nyanza: Jina Moja, Mahali Pengi

Mara nyingi mtu akiulizwa, "Kwenu ni wapi?" hujibu kwa neno moja tu, "Nyanza." Jibu hilo ni fupi, na kwa mwenye kuuliza laonekana kwamba limetosha. Walakini halijatosha. Liko Ziwa Nyanza, ambalo limegawanywa na nchi tatu. Palikuwa na Jimbo la Nyanza katika Kenya, nalo lilikuwa na mipaka mbalimbali kwa nyakati mbalimbali. Uko mji wa Nyanza katika Rwanda, ambako wafalme walikaa. Tena kiko kilima cha Nyanza katika Kigali, nacho ni mahali pa makaburi na kilio. Iko Nyanza nyingine katika Burundi, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Tena yako majina yaliyo ndugu wa jina hili, nayo ni Nyanja, Nyasa na Niassa.

Mtu aweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya walimu wa jiografia tu. Sivyo. Chukua mfano wa kijana aliyefungua sanduku la marehemu babu yake akakuta stakabadhi ya kodi ya mwaka wa 1955, nayo imeandikwa "North Nyanza", yaani Nyanza ya Kaskazini. Kijana ajua kwamba mji mkuu wa Nyanza ulikuwa Kisumu. Basi afunga safari kwenda Kisumu kutafuta habari za ukoo wake na za shamba ambalo babu alikuwa akilitaja. Atatumia nauli yake, na huenda akarudi mikono mitupu, kwa sababu makao ya Nyanza ya Kaskazini yalikuwa Kakamega, si Kisumu. Kosa lake si uvivu wala ujinga. Kosa lake ni kuamini kwamba jina moja ni mahali pamoja.

Kwa hiyo yafaa kueleza neno hili lilitoka wapi, limetumiwaje, na mtu afanye nini ili lisimpoteze.

MAANA YA NENO

Katika lugha nyingi za Kibantu zinazosemwa karibu na maziwa makubwa, neno hili asili yake si jina la mahali hasa. Ni neno la kila siku lenye maana ya ziwa, au maji mengi ambayo ng'ambo yake haionekani. Msukuma husema nyanza. Mganda husema ennyanja, na Mnyoro na Mhaya husema enyanja. Mgusii husema enyancha. Kwa Mnyarwanda, inyanja ni bahari. Huko kusini Mchewa husema nyanja, na Myao husema nyasa.

Watu hao hawakukutana katika baraza moja wakapatana kulitumia neno hilo. Ni neno la asili moja, na kila walipotengana watu, sauti zake ziligeuka kidogo kidogo. Msomaji asiyesadiki na alitazame neno la maji. Mswahili husema maji, Mkamba husema manzi, Mganda husema amazzi, Mnyarwanda husema amazi, Mgusii husema amaache, na Mchewa husema madzi. Kila mmoja hulitamka kwa namna yake, lakini wote wakiketi kisimani watafahamiana upesi. Ndivyo ilivyo nyanza, nyanja, nyancha na nyasa.

Neno lenyewe limezaa maneno mengine. Waganda humwita samaki ekyennyanja, yaani kitu cha ziwani. Na huko kusini watu wanaokaa karibu na ziwa waliitwa Wanyanja, yaani watu wa ziwa, na lugha yao ikaitwa Kinyanja. Lugha hiyo husemwa katika Malawi, Zambia na Msumbiji. Katika Malawi jina lake rasmi liligeuzwa kuwa Kichewa katika mwaka wa 1968, lakini katika Zambia watu wengi waliendelea kuiita Kinyanja. Basi lugha moja ina majina mawili, na moja ya majina hayo ni ziwa.

Yafuata kwamba watu waliokaa mbalimbali waweza kuwa na mahali penye jina moja, na wala asiwepo aliyemwiga mwenzake. Jambo hili wenyeji wa pwani walijua tangu zamani. Iko Mtoni katika Unguja, na iko Mtoni katika Dar es Salaam. Iko Ziwani katika Pemba, na iko Ziwani katika Nairobi. Hakuna asemaye kwamba Mtoni moja imeiba jina la nyingine. Kila mahali palikuwa na maji yake, na watu wakapaita walivyopaona.

WASAFIRI NA WAKALIMANI

Ikiwa neno lilikuwa la kawaida tu, lilipataje kuandikwa katika ramani kana kwamba ni jina la ziwa moja? Sababu yake ni wasafiri na wakalimani wao.

Katika mwaka wa 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walitoka pwani kwenda bara kutafuta maziwa makubwa ambayo walisikia habari zake kwa wafanya biashara. Katika mwaka uliofuata walilifikia Ziwa Tanganyika. Waliporudi Tabora, Burton alikuwa mgonjwa, kwa hiyo Speke alikwenda kaskazini bila yeye. Tarehe 3 Agosti 1858 aliyaona maji makubwa, karibu na mahali ulipo mji wa Mwanza. Jina alilolisikia kwa watu lilikuwa Nyanza. Speke akaongeza mbele yake jina la Malkia wa nchi yake, na katika vitabu likaandikwa Victoria Nyanza. Wengi husema kwamba hata jina la Mwanza lilitokana na neno lilo hilo, likageuka katika vinywa vya wageni.

Katika msafara huo alikuwamo mtu ambaye hatajwi sana, lakini kazi yake ilikuwa kubwa. Jina lake lilikuwa Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa katika nchi ya Wayao, akakamatwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa Bara Hindi akakaa huko miaka mingi kabla ya kurudi Afrika. Speke alisema naye kwa lugha ya Kihindi, na Bombay akasema na watu wa njiani kwa Kiswahili, na pengine palihitajiwa mtu wa tatu wa kusema na wenyeji kwa lugha yao. Hivyo swali moja liliweza kupita katika vinywa vitatu kabla halijajibiwa, na jibu likarudi kwa njia ile ile. Na katika lugha ya kwao Bombay, yaani Kiyao, ziwa ni nyasa.

Mwaka mmoja baadaye, katika Septemba ya 1859, David Livingstone alipanda kutoka kusini kwa kufuata Mto Shire akalifikia ziwa jingine. Habari iliyozoeleka ni kwamba alipouliza jina la maji yale aliambiwa nyasa, yaani ziwa. Livingstone akaliandika neno hilo kuwa jina. Tangu siku hiyo Wazungu walisema Lake Nyasa, ambayo tafsiri yake ni "Ziwa Ziwa". Hapana haja ya kumcheka Livingstone. Mswahili mwenyewe husema Mlima Kilimanjaro, ijapokuwa kilima kimekwisha kutajwa ndani ya jina; na watu wengi husema Jangwa la Sahara, ijapokuwa sahara kwa Kiarabu ni jangwa.

Katika mwaka wa 1864, tarehe 14 Machi, Samuel Baker alifika kwenye ziwa la magharibi ya Unyoro akaliita Albert Nyanza, kwa heshima ya mumewe Malkia Victoria, ambaye alikuwa amekwisha kufa. Hapo yaonekana wazi kwamba hata wasafiri wenyewe walikuwa wamekwisha kufahamu maana ya neno. Walilitumia mahali pa neno lao la ziwa, kama mtu asemavyo Ziwa Victoria na Ziwa Albert.

MAJINA AMBAYO HAYAKUANDIKWA

Isidhaniwe kwamba kabla ya wasafiri hao maziwa hayakuwa na majina ya pekee. Yalikuwa nayo. Waganda waliliita ziwa lao Nnalubaale, jina lililofungamana na habari za lubaale, yaani mizimu mikubwa ya zamani. Waluo waliliita Nam Lolwe. Katika lugha yao nam ni maji makubwa, na hata ile ghuba iliyo karibu na Kisumu huitwa Winam, maana yake kichwa cha ziwa. Wafanya biashara wa Kiarabu waliliita Ukerewe, kwa jina la kisiwa kikubwa kilicho upande wa kusini. Ziwa ambalo Baker aliliita Albert, wenyeji waliliita Mwitanzige, yaani mwua nzige. Na kila asemaye Kiswahili aweza kulisikia neno nzige ndani yake.

Basi palikuwa na majina mengi, na kila jina lilikuwa na wenyewe. Jina lililoshinda katika ramani halikushinda kwa kuwa ni la kweli kuliko mengine. Lilishinda kwa kuwa ndilo lililoandikwa kwanza, likachapwa, likafundishwa shuleni. Mtu wa Kisumu asemaye Nam Lolwe, na mtu wa Entebbe asemaye Nnalubaale, na mtu wa Mwanza asemaye Nyanza, wote watatu wanayatazama maji mamoja, na hakuna mmoja wao aliyekosea.

NYANZA YA KENYA

Katika Kenya neno hili lilipata kazi mpya. Lilitoka majini likapanda nchi kavu, likawa jina la utawala.

Nchi iliyo mashariki ya ziwa ilihesabiwa kwanza kuwa sehemu ya Uganda. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani katika Desemba ya 1901, mahali ambapo wakati huo paliitwa Port Florence na baadaye Kisumu. Katika mwaka wa 1902 nchi hiyo ilihamishwa kutoka Uganda ikaingizwa katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Jimbo lake liliitwa kwanza Kisumu, kisha likaitwa Nyanza. Wilaya zake kubwa ziliitwa Kavirondo ya Kaskazini, ya Kati na ya Kusini. Jina la Kavirondo lilikuwa jina la kupewa na wageni, na wenyeji wengi hawakulipenda. Mwishoni mwa miaka ya 1940 liliondolewa, na wilaya hizo zikaitwa Nyanza ya Kaskazini, Nyanza ya Kati na Nyanza ya Kusini. Katika mwaka wa 1956 sehemu za Bungoma na Busia zilitengwa na Nyanza ya Kaskazini zikawa wilaya ya Elgon Nyanza. Hapo jina la ziwa lilikuwa limefika hata chini ya mlima.

Yafaa kuangalia jambo moja. Neno nyanza ni la Kibantu, lakini wenyeji wengi wa nchi ile iliyo kandokando ya ghuba ni Waluo, ambao kwa lugha yao ziwa ni nam. Abagusii, ambao lugha yao ina neno enyancha, wanakaa juu vilimani, mbali kidogo na maji. Tena sehemu ya ziwa iliyomo ndani ya Kenya ni ndogo, yapata 6 tu katika kila 100, na karibu nusu ya ziwa imo katika Tanzania. Hata hivyo ni Kenya ndiyo iliyolifanya jina hili kuwa jina la jimbo zima. Waluo, Abagusii, Abakuria na Abasuba wamelitumia miaka mingi, hata likawa lao. Jina huwa la watu kwa kulitumia, wala si kwa asili yake tu.

Katika mwaka wa 1963, Kenya ilipokaribia uhuru, mipaka iligeuzwa. Sehemu za kaskazini zilitolewa katika Nyanza zikawa Jimbo la Magharibi. Hapo ndipo mtego wa kijana wa mfano ulipotegwa. Babu yake hakuhama, wala shamba halikuhama. Lililohama ni jina. Mtu aliyezaliwa Kakamega, Bungoma, Busia au Vihiga katika mwaka wa 1950 alizaliwa katika Nyanza. Ndugu yake aliyezaliwa katika nyumba ile ile mwaka wa 1965 alizaliwa katika Magharibi. Hata Kericho palikuwa wakati palipohesabiwa kuwa katika Nyanza. Upande wa kusini nako kuna mtego wake. Wakati wa ukoloni makao ya Nyanza ya Kusini yalikuwa Kisii. Baadaye Kisii ikawa wilaya ya pekee, na makao ya Nyanza ya Kusini yakawa Homa Bay.

Kisha ikaja Katiba ya mwaka wa 2010, ambayo iliweka kaunti 47 mahali pa mikoa, na kaunti hizo zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa 2013. Mkoa wa Nyanza uligawanyika ukawa kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori, Kisii na Nyamira. Kwa sheria, basi, hakuna tena Gavana wa Nyanza wala bajeti ya Nyanza. Lakini watu hawakuliacha jina. Hutajwa katika mikutano, katika habari za redio na katika mazungumzo ya siasa. Kiwanda cha sukari kilichoko Awendo, katika Kaunti ya Migori, kiliitwa kwa jina la Nyanza ya Kusini, na jina hilo liliendelea kutumika hata baada ya wilaya yenyewe kwisha. Jina lina maisha marefu kuliko ofisi.

NYANZA ZA RWANDA NA BURUNDI

Msafiri akiingia Rwanda akasema kwamba aitafuta Nyanza, huenda akapelekwa mahali pawili ambapo hapafanani hata kidogo.

Pa kwanza ni mji wa Nyanza, ulio kusini ya nchi. Mji huo haupo kando ya ziwa kubwa; uko juu vilimani. Mwishoni mwa karne ya 19, katika mwaka wa 1899, Mfalme Yuhi Musinga aliuweka uwe makao yake. Kabla ya hapo ilikuwa desturi ya wafalme wa Rwanda kuhamahama na makao yao. Mwanawe, Mutara Rudahigwa, alitawala hapo tangu 1931 hata alipofariki dunia mwaka wa 1959. Ufalme uliondolewa katika mwaka wa 1961, na makao hayo yamehifadhiwa yawe nyumba ya makumbusho. Wageni huonyeshwa nyumba ya msonge iliyojengwa kwa mfano wa ile ya kale, na ng'ombe wa inyambo wenye pembe ndefu. Mfalme wa mwisho, Kigeli Ndahindurwa, aliyefia Marekani, alizikwa Nyanza mwezi wa Januari, 2017.

Mahali pa pili ni kilima cha Nyanza katika Kicukiro, ndani ya Kigali. Tarehe 11 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Watutsi, askari wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule ya ufundi ambamo watu wengi walikuwa wamekimbilia kwa kutumaini ulinzi wao. Walipokwisha kuondoka, wauaji waliwachukua wakimbizi hao, wapatao 2,000, wakawaongoza hata kilima cha Nyanza, wakawaua hapo. Wachache walipona. Mahali hapo pamejengwa makaburi na ukumbusho, na kila mwaka watu huja kuwakumbuka jamaa zao.

Basi mtu akimwambia Mnyarwanda, "Nasikia Nyanza ni mahali pazuri pa kutembelea," heri ajue kwanza amesema habari za Nyanza ipi. Kwa mmoja neno hilo ni ng'ombe, ngoma na nyumba ya mfalme. Kwa mwingine ni siku aliyompoteza mama yake. Kuuliza mapema ni adabu, na pengine ni huruma pia.

Katika Burundi wenye kuandika ramani waliona hatari ya kuchanganya majina, wakaitafutia dawa. Mji wa Nyanza ulio kusini ya nchi hiyo, ufukoni pa Ziwa Tanganyika, huitwa Nyanza-Lac. Neno la pili ni la Kifaransa, na maana yake ni ziwa. Kwa hiyo hapo tena, kama katika Nyasa, jina zima ni "Ziwa Ziwa", nusu Kibantu na nusu Kifaransa. Lakini dawa hiyo hufaa, kwa kuwa mtu akisikia Nyanza-Lac hawezi kuidhania kuwa ni Nyanza ya wafalme.

JINA SI HATI YA SHAMBA

Mahali ambapo jina limeleta neno zito zaidi ni huko kusini, penye Ziwa Nyasa. Waingereza waliiita nchi iliyo magharibi ya ziwa hilo Nyasaland tangu mwaka wa 1907. Ilipopata uhuru, tarehe 6 Julai 1964, nchi hiyo ilichukua jina la Malawi, na ziwa likaitwa huko Ziwa Malawi. Tanzania iliendelea kuliita Ziwa Nyasa, na katika Mkoa wa Ruvuma iko wilaya inayoitwa Nyasa. Msumbiji huliita Niassa, na jimbo lake la kaskazini-magharibi lina jina lilo hilo. Ziwa ni moja, lakini lina majina matatu katika nchi tatu.

Kati ya Malawi na Tanzania kumekuwa na ubishi juu ya mpaka. Malawi hushika maneno ya mkataba wa Waingereza na Wadachi wa tarehe 1 Julai 1890, na kusema kwamba mpaka wafuata ufuko wa mashariki, hata maji yote ya upande wa kaskazini ni yake. Tanzania husema kwamba mpaka wapasa kupita katikati ya maji, kama ilivyo desturi ya mataifa. Neno hilo lilisikika sana mwaka wa 1967, na likazuka tena mwaka wa 2012, baada ya Malawi kutoa ruhusa ya kutafuta mafuta ziwani. Marais wastaafu wa Afrika, wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji, waliombwa kuwa wapatanishi.

Katika ubishi wa namna hiyo wako watu wa kawaida ambao hushika jina na kulifanya ushahidi. Mmoja husema, "Laitwa Ziwa Malawi, kwa hiyo ni la Malawi." Mwenzake hujibu, "Jina lake la haki ni Nyasa, na Nyasa iko kwetu." Wote wawili wamekosea njia. Nyasa maana yake ni ziwa tu, na neno ziwa halimtaji mwenyewe. Wavuvi wa pande zote mbili hulitupia nyavu moja kwa moja kila usiku, na samaki hawasomi ramani. Mpaka utaamuliwa kwa mikataba, kwa sheria na kwa mapatano ya wenye amri. Jina haliwezi kuwa hati ya shamba.

Tena jina laweza kusafiri mbali kabisa na mahali lilipozaliwa. Huko Uvinza, katika nchi ya Kigoma, watu wamepika chumvi ya chemchemi tangu zamani sana, na machimbo yake yalijulikana kwa jina la Nyanza Salt Mines. Mtu akiona neno Nyanza juu ya mfuko wa chumvi asidhani kwamba chumvi ilitoka katika Ziwa Victoria, maana maji ya ziwa hilo ni matamu, hayana chumvi ya kupika. Na huko Mwanza chama kikubwa cha ushirika cha wakulima wa pamba kiliitwa Nyanza, wala hakikuwa na uhusiano wowote na mkoa wa Kenya wenye jina hilo. Mwanza yenyewe nayo ina mwenzake, kwa maana katika Malawi iko wilaya na mji wa Mwanza, karibu na mpaka wa Msumbiji. Barua iliyoandikwa "Mwanza" tu, bila kutaja nchi, ina njia mbili za kufuata.

MAMBO YA KUFANYA

Kwa sababu hizo, kila mtu mwenye kuandika barua, kujaza fomu, kutuma mzigo au kutafuta habari za ukoo yampasa kushika mambo machache.

Kwanza, asiandike jina la mahali peke yake. Aandike mji au kijiji, kisha kaunti au wilaya, kisha nchi. "Nyanza, Rwanda" haitoshi. Aseme kama ni Wilaya ya Nyanza ama ni Kicukiro, Kigali. Katika Kenya aandike kaunti, yaani Siaya au Migori au nyingineyo, maana fomu yenye neno "Nyanza" tu humlazimisha karani kukisia, na karani akikisia, mwenye fomu ndiye atakayepata taabu.

Pili, akisoma karatasi ya zamani atazame kwanza mwaka wake, kabla ya kutazama jina. Karatasi ya kabla ya 1963 yenye jina la Nyanza yaweza kuwa ya Kakamega, Bungoma au Busia. Yenye jina la Kavirondo ni ya zamani zaidi. Ikiwa wazee wapo, waulizwe jina la chifu wa wakati huo, na la mto, na la soko la karibu. Mito na masoko huhama kwa nadra kuliko mipaka ya serikali.

Tatu, akisikia mgeni akitaja jina linalofanana na la kwao, asifanye haraka kusema kwamba mgeni huyo ni wa kwao, wala asiseme kwamba amewaibia jina. Amwulize jina hilo katika lugha yake lina maana gani. Huenda wakagundua kwamba babu zao wa kale waliyaita maji kwa neno moja, ijapokuwa wao wenyewe hawajapata kuonana.

Yule kijana mwenye stakabadhi ya mwaka wa 1955 angalifuata mambo hayo, asingalikwenda Kisumu. Angaliutazama mwaka, akamwuliza shangazi yake jina la soko ambalo babu alikuwa akiuza mahindi, kisha akapanda basi la Kakamega. Kuuliza si ujinga, na nauli ya mtu aliyeuliza haipotei.